Mvinyo wa Wasiokunywa

Kwanza, acheni kuzungusha glasi. Nimewaona, ninyi vijana. Mnakuja kwangu na chupa ya dukani, mnamimina kidogo, mnazungusha, mnazungusha, mnaingiza pua ndani kama ng'ombe anayetafuta chumvi, halafu mmoja anafumba macho na kusema, "Hii iko na kitu ya chokoleti." Chokoleti! Mtu ametoa jasho shambani ili mvinyo uwe na ladha ya zabibu, nanyi mnamsifu kwa chokoleti. Wekeni glasi chini mnisikilize. Mimi ni Wairimu, yule waliyemwita Wairimu wa Mapipa kuanzia Naro Moru mpaka Karatina, na kazi yangu ya maisha ilikuwa kutengeneza mvinyo mwekundu. Nitawaambia unavyotengenezwa. Nitawaambia pia ulivyonikosesha bwana, kwa sababu siwezi kusimulia moja nikaacha la pili.

Shamba lilikuwa Kieni, ule upande ambao mlima huunyima mvua. Ninyi wa Nyeri mjini na wa Kerugoya mmezoea mahali ambapo ukichomeka fimbo inakuwa mti. Kwetu ukichomeka fimbo inabaki fimbo, na mwaka unaofuata mchwa wameimaliza. Mzungu mwenye shamba alifuga ng'ombe, lakini kulikuwa na mteremko mmoja wa mawe ambao hata ng'ombe hawakuutaka, na hapo msimamizi wake alipanda mizabibu. Msimamizi mwenyewe alikuwa Mtaliano aliyeletwa Kenya akiwa mfungwa wa vita. Vita vikaisha, akakataa kurudi kwao. Watu walisema alipenda hewa yetu. Mzee Kabiru, aliyefanya kazi chini yake, alisema alikuwa anamwogopa mke wake.

Huyo Mzee Kabiru ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mwenye koti la jeshi lililomzidi, na pua iliyojaa ugoro tangu asubuhi. Fikirini, fundi wa mvinyo asiyeweza kunusa hata moshi! Alitegemea ulimi na sikio. Ndiyo, sikio. Zabibu zikishapondwa huachwa zichachuke ndani ya pipa pamoja na maganda yake, maana wekundu wote uko kwenye maganda. Ukiweka sikio kwenye mbao unasikia zikitokota kama sufuria ya githeri iliyo karibu kuiva. "Zikipiga kelele sana, fungua milango ipate baridi," aliniambia. "Zikinyamaza mapema, anza kuomba." Maganda hupanda juu yakawa kama kofia, na sisi tuliyasukuma chini kwa mti wenye panda asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu kofia ikikauka unapata siki. Na hakuna kuingia ghalani msimu huo bila mshumaa unaowaka. Zabibu zikichachuka hutoa hewa inayoua mtu kimya kimya. Mshumaa ukizimika wenyewe, toka mbio, usisimame kuuliza nani ameuzima. Hilo liwekeni akilini hata kama hamtatengeneza mvinyo. Kuna ofisi nyingi mtaingia ambazo mshumaa ungezimika.

Shambani sheria ilikuwa moja: mzabibu haupewi maji. Hata kikombe. Ilipandwa mbali mbali, mmoja hawezi kumsalimia jirani yake bila kupaza sauti. Tuliipogoa ikabaki visiki vya kufika magotini. Mvua ikinyesha, tulisubiri ardhi ikauke kidogo, kisha tukapitisha jembe juu juu tu, ili udongo wa juu uwe vumbi. Vumbi lile hufunika unyevu wa chini kama blanketi, na mizizi inalazimika kushuka yenyewe kati ya mawe kuutafuta. Zabibu zake zilikuwa ndogo kama njegere, nyeusi, ngozi nene, na chache. Nilipokuwa mgeni kazini nilimuuliza Mzee Kabiru kwa nini tunainyima maji.

"Mtaliano alisema usimpe maji," akajibu.

"Kwa nini?"

"Hakusema. Alikuwa anakula."

Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yetu yote, na ilitutosha mpaka kamati ilipokuja.

Uhuru ulipopatikana, mzungu aliuza shamba akaenda zake, na Mtaliano naye akaenda, sijui kama ni kwa mke. Wananchi wakaungana wakawa chama, wakanunua. Nderemo, vigelegele, wazee wakipiga ardhi kwa fimbo wakisema hii ni yetu. Halafu wakachagua kamati, na hapo ndipo vituko vilipoanza. Mwenyekiti alikuwa Mzee Eliudi, mtu aliyeokoka kabisa kabisa. Siku aliyookoka alichukua vibuyu vya marehemu baba yake, vile vya kupikia pombe ya muratina, akavivunja kimoja kimoja mbele ya kanisa, na mama yake akalia mpaka akabebwa. Mweka hazina alikuwa Bwana Athumani wa Majengo, Nyeri mjini, Mwislamu mwenye lori. Babu yake alikuja na msafara kutoka pwani akaoa kwetu, kwa hiyo Athumani alijua Kikuyu kutuzidi, na Kiswahili chake sisi tulikifuata kwa mbali. Katibu alikuwa Mkatoliki aliyekunywa kila kitu, na kwa sababu hiyo alifukuzwa mapema.

Mnaona hapo? Mlevi alitolewa, wakabaki wawili ambao pombe hairuhusiwi kufika karibu na midomo yao, na hao ndio wenye mapipa. Wanachama walio wengi walikuwa waumini wa kanisa la Mzee Eliudi. Mikutanoni hakuna aliyethubutu kutamka mvinyo. Waliita "mazao ya mteremko." Mwenyekiti akija kukagua ghala alisimama mlangoni, leso puani, akasalimia mapipa kwa mbali kama mtu anayesalimia shemeji mwenye madeni, akaenda. Lakini pesa za mazao ya mteremko zilipoingia, hakuna aliyeziwekea leso puani.

Sasa msidhani Mzee Eliudi alikuwa mtu mbaya. Hakuiba, na katika kamati za siku zile hiyo ilikuwa ajabu. Tena alikuwa na mtoto wa kiume, Muriuki, mwalimu huko Ruring'u, mrefu, mpole, mwenye kucheka polepole. Muriuki alikuja likizo kutusaidia kuchuma. Siku ya kwanza alijikata kidole kwa mkasi, nikamfunga kwa kitambaa changu cha kichwa. Siku ya pili alijikata kingine. Ya tatu nikamwambia, "Mwalimu, ukitaka kuzungumza na mimi, zungumza, vidole vitakwisha." Tukapendana. Nasema wazi, nilimpenda yule mtu mpaka nikawa nasukuma maganda huku nikiimba nyimbo za harusi.

Mzee Eliudi hakupinga. Akaja kwetu na wazee wenzake kuanza ruracio, yaani kuleta mahari, na mbuzi wa kwanza wakafungwa kwenye boma la baba. Kwetu mahari bila pombe ni kama mazishi bila maiti, lakini yeye alileta birika za chai. Baba zangu wadogo walitazamana. "Tumeletewa chai," mmoja akasema, kama anayetangaza msiba. Hata hivyo hawakuacha mila. Kwetu aliyeleta kinywaji ndiye huonja kwanza mbele ya watu, ili aliyeletewa ajue kuwa ni kitu cha kunyweka na hakina ubaya. Basi wakamlazimisha Mzee Eliudi apige funda la kwanza la chai yake mwenyewe. Akapiga, akaunguza ulimi, na wazee wakaridhika. Tangu siku hiyo, kwa mila, mimi nilihesabika kuwa mtu wa nyumba ya Eliudi, ingawa bado nililala kwa baba yangu.

Mwaka huohuo mwenyekiti aliingiwa na huruma. Tulikuwa tumemaliza kupogoa, mteremko wote umebaki visiki, na wageni kutoka upande wa Kerugoya walipita wakacheka. "Chama chenu kimelima kuni!" Hilo lilimchoma. Kwa mtu wa milima yetu, shamba lisilo la kijani ni ushahidi wa uvivu. Akaitisha wanachama, wakachimba mfereji kutoka mtoni mpaka kwenye mizabibu, siku wanaimba nyimbo za kanisani, siku wanagombana nani amepumzika sana.

Mzee Kabiru alijaribu. "Mwenyekiti, Mtaliano alisema usimpe maji."

"Kwa nini?"

"Hakusema."

"Basi mimi nasema. Kiumbe cha Mungu iko na kiu. Mpe maji."

Na mimi niliona ana haki. Kila mtu aliona ana haki. Mizabibu ilivaa majani mapana, zabibu zikavimba zikawa kama mayai ya njiwa, mashada yakagusa chini, na tulipochuma tulijaza kila karai, kila debe, mpaka tukaazima beseni za kuogeshea watoto. Tulicheza ngoma. Halafu tukakamua. Ulitoka mvinyo wa rangi ya sharubati ambayo mtu ameongeza maji akiogopa haitatosha wageni. Mzee Kabiru alionja, akaangalia kikombe ndani, akaangalia tena kama aliyepoteza kitu humo. Bwana Athumani, ambaye hakuonja, aliusoma kwa macho tu. "Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akasema. "Nyie jamani mmelitia maji hata kabla ya kusifiwa!"

Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa hoteli moja ya Nyeri mjini, iliyojaa watalii waliokuja kuangalia mlima. Lori la Athumani liliondoka na mapipa asubuhi na kurudi nayo jioni. Meneja wa hoteli, Bwana Ndirangu, alimwambia dereva kuwa mgeni mmoja alipowekewa glasi mezani aliosha mikono humo.

Mkutano mkuu ulioitishwa baada ya hapo ulikuwa mfupi na mkali. Kulikuwa na kundi la watu wa viazi, waliotaka mteremko ule tangu zamani, na walikuja mkutanoni na majembe begani kabisa. Wakasema mizabibu ing'olewe kesho. Mwenyekiti aliwatuliza kwa maombi marefu, na mwisho ikakubaliwa hivi: mavuno mamoja tu tena. Hoteli ikinunua, mizabibu ibaki. Hoteli ikikataa, ing'olewe siku hiyohiyo, viazi vipandwe.

Tulipotoka, Mzee Kabiru alikaa juu ya jiwe, hakuvuta hata ugoro. Yeye hakuwa mwanachama. Wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, kabla ya uhuru, alikuwa kizuizini, na aliporudi alikuta ardhi yake imepimwa na kuandikwa kwa jina la mwingine. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya ghala, na alikaa hapo kwa sababu ya mapipa. Mapipa yakiondoka, hakuna aliyemhitaji. "Wairimu," akaniambia, "mimi nikitoka hapa sina pa kwenda. Hata kaburi nitaomba." Niliumia moyo. Nilimwambia asiogope, na nilikuwa naogopa mimi mwenyewe.

Tukaziba mfereji. Mizabibu ilinuna. Ilikuwa imezoea kulishwa mdomoni kama mtoto wa mwisho, na kwa muda majani yalikunjamana, tukadhani yanakufa. Tukalima vumbi, tukangoja. Kidogo kidogo mizizi ikakumbuka kazi yake. Zabibu zikatoka ndogo, ngumu, nyeusi tititi, hazikujaza hata mapipa tuliyokuwa nayo. Watu wa viazi walipita wakihesabu mashada na kucheka. Tulipofungua pipa la kwanza, Mzee Kabiru alionja, akazungusha mdomoni, akatema pembeni kama tulivyofanya siku zote, akanigeukia macho yamejaa maji. "Imerudi," akasema.

Mimi nami nilionja nikatema nyuma ya pipa. Mjue kwamba miaka yote hiyo sikuwahi kumeza. Kazi ya kuonja ni ya ulimi, tumbo halihusiki. Na msichana wa kwetu kunywa pombe, tena mbele ya wazee, kulikuwa jambo la kufungiwa mlango. Bibi aliyemaliza kuzaa angeweza kuonjeshwa kidogo na mzee wake. Msichana aliyeposwa, hapana, hapana, hapana.

Siku ya hoteli ikafika. Meza iliwekwa mbele ya ghala, ikatandikwa kitambaa kilichofumwa na mke wa mwenyekiti, chenye maandishi ya baraka. Wanachama walijaa. Watu wa viazi walisimama nyuma na majembe yao. Baba yangu alikuwepo na ndugu zake, maana wao pia walikuwa wanachama, na Muriuki alikuwa ametoka Ruring'u asubuhi hiyo, amevaa tai. Bwana Ndirangu wa hoteli alishuka garini na suti, akatoa mfukoni glasi yake mwenyewe iliyofungwa kwa leso. Nikadhani, ngai, huyu anajua sana. Mzee Kabiru akamimina kutoka kwenye jagi. Bwana Ndirangu akanusa, akainua glasi usawa wa macho, kisha akaiweka mezani bila kuonja.

"Mwaka uliopita," akasema, "mliniletea kitu ambayo hakuna mmoja wenu alikuwa ameweka kwa mdomo. Ni uwongo?"

Wanachama wakaanza kusoma maandishi ya baraka kwenye kitambaa cha meza.

"Mimi nimezaliwa hapa Mukurwe-ini, si Ulaya. Kwetu mtu akileta pombe anaonja kwanza. Wazungu waliniambia nisahau hiyo mila, nikasahau, na mkaniaibisha mbele ya wageni. Leo nimeikumbuka. Mwenyekiti, onja."

Mzee Eliudi alirudi nyuma hatua moja. "Mimi nimeokoka, Bwana Ndirangu."

"Sawa. Mweka hazina."

"Astaghfirullahi!" Athumani akainua mikono. "Mimi ni punda wa asali, bwana. Nabeba, sionji."

"Kwa hivyo mnauza kitu ambayo mnaogopa."

"Mimi nitaonja," Mzee Kabiru akasema, akinyoosha mkono. "Mimi ndiye nimetengeneza."

"Wewe ni mfanyakazi, mzee wangu, usikasirike. Ukiambiwa onja, utaonja, ukiambiwa sifu, utasifu. Nataka mwenye mali. Mwenyekiti, au mtu wa nyumba yake."

Kutoka nyuma mtu mmoja wa viazi akapaza sauti, "Kwani tunangoja nini? Hawawezi kunywa! Tung'oe, twende nyumbani!" Majembe yakaanza kushuka mabegani. Nilimtazama Mzee Eliudi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso likashuka mpaka kwenye kola, na midomo yake ilikuwa inacheza, anaomba. Alitaka mavuno yauzwe, maana kanisa lilikuwa limeezekwa nusu na lingemaliziwa kwa mazao hayo ya mteremko. Alitaka pia asionekane na kikombe. Nilimtazama Mzee Kabiru. Alikuwa ameshaacha kubishana. Alikuwa anaangalia kibanda chake.

Mtu wa nyumba yake. Mbuzi wake walikuwa kwenye boma la baba yangu. Nilikuwa mimi.

Sikufikiri sana, vijana. Mkifikiri sana hamtafanya kitu. Nilichukua kikombe cha bati, nikakiweka mbele ya jagi, nikajimiminia. Nilisikia mama mmoja akisema "Uuwi!" Nikapiga funda. Na hapa sikuweza kutema, kwa sababu kutema mbele ya mgeni ni kumwambia kwamba pombe ni mbaya. Nikameza. Kisha, kwa kuwa kikombe kilichobaki nusu ni shaka iliyobaki nusu, nikamaliza. Ulikuwa mzito, mkavu, unauma kidogo pembeni mwa ulimi halafu unatulia, na ulipofika tumboni ulinipa joto ambalo sikuwa nimelijua. Nikaona kumbe hii ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya miaka yote.

"Iko sawa," nikasema.

Bwana Ndirangu akachukua glasi yake. Akanywa, akanywa tena, akaangalia mteremko wa visiki kana kwamba alikuwa hajauona alipofika. "Leteni lori," akasema.

Mngeona! Watu wa viazi ndio waliopiga makofi ya kwanza, majembe yamefichwa nyuma ya migongo. Walimbeba Mzee Kabiru juu juu mpaka kofia ikaanguka, wakisema wao walijua siku zote. Athumani alikumbatiana na meneja akiwa ameigeuza pua upande wa pili. Na Mzee Eliudi alisimama juu ya kiti akamshukuru Mungu kwa maombi marefu sana, akataja mvua, akataja jua, akataja lori, akataja hoteli na wageni wake. Mimi hakunitaja.

Kabla ya wiki kwisha alituma wazee kwa baba yangu. Walikaa, wakakohoa, wakasema nyumba ya Eliudi haiwezi kuoa mlevi. Mlevi wa kikombe kimoja! Mbuzi wakafunguliwa bomani wakarudishwa, na mmoja wao, kwa aibu zaidi, alikuwa na mimba, wakabishana mtoto ni wa nani. Mabati ya kanisa yalimaliziwa kwa mvinyo uleule, na mvua ikinyesha hayakuvuja. Muriuki alimsikiliza baba yake. Nilikutana naye barabarani karibu na soko la Karatina, akageuka akautazama mlima mpaka nilipopita, kama mtu aliyeuona mara ya kwanza. Nililia, sitaficha. Nililia ndani ya ghala ambako hakuna ambaye angenisikia isipokuwa Mzee Kabiru, naye akaja akakaa kando yangu juu ya pipa. "Mimi nimebaki na nyumba," akasema, "na wewe umekosa nyumba. Sijui nitakulipa nini." Nikamwambia anifundishe yale mengine yote aliyobakisha. Akanifundisha. Nikajua kuosha pipa kwa maji moto na kulifukiza kwa moshi wa kiberiti cha manjano, yaani salfa, na kulijaza mpaka juu kila wakati, maana pipa lenye nafasi huingiza hewa na hewa hugeuza mvinyo siki. Nikajua kupogoa nikiwa nimefumba macho. Baadaye niliolewa na seremala wa Karatina aliyekuja kurekebisha mapipa, mtu mwema, aliyekunywa kidogo na kukoroma sana, na nilimzika nikimlilia.

Hoteli ilinunua miaka mingi. Kisha, kama vyama vyote vya mashamba, wanachama wakachoka kuwa pamoja, wakaamua kugawana. Vikaratasi vikatiwa kofiani, kila mtu akachukua chake. Mungu ana mzaha wake: mteremko wa mizabibu ulimwangukia Mzee Eliudi. Watu wa viazi walicheka mpaka wakakaa chini. Sisi tulingoja mashoka. Akaja, akasimama mlangoni mwa ghala, leso puani. "Endeleeni na kazi zenu," akasema, akaondoka. Hakueleza, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mzee Kabiru alifia katika kibanda chake, akazikwa chini ya mteremko, na hakuna aliyeomba mahali.

Miaka ikapita. Siku moja Mzee Eliudi akaniita nyumbani kwake. Alikuwa amekwisha, mikono imebaki mifupa, amekaa kwenye kiti cha kamba penye jua. Wengine walikuwa wameenda kanisani.

"Tumbo yangu ni mbaya," akasema. "Na kuna yale maneno ya tumbo, unayajua?"

Nilicheka kimoyomoyo. Yale maneno ya Biblia, kwamba mtu atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, kila mlevi wa kanisani huyajua kwa moyo. "Nayajua, baba."

"Umekuja nayo?"

Nilikuwa nimekuja nayo, maana aliyetumwa kuniita alinong'ona. Nikatoa chupa kikapuni, nikamimina kwenye kikombe chake cha chai, nikampa kwa mikono miwili. Hakupokea. Alikunja mikono yake mifupa kwenye mapaja.

"Aliyeleta huonja kwanza," akasema.

Nilitaka kukasirika. Wallahi, kama ambavyo angesema Bwana Athumani, nilitaka kumwaga kikombe kile miguuni pake. Lakini nilikuwa nimekuwa mzee mimi pia. Nikapiga funda, nikameza, nikampa. Akanywa polepole, mpaka chini, macho yamefumbwa. Kisha akasema, akiwa bado amefumba, "Siku ile niliomba Mungu atume mtu achukue hiyo kikombe. Niliomba sana. Ukachukua wewe. Halafu nikakuadhibu kwa sababu nilijibiwa."

Machozi yangu yalishuka bila kuniuliza. Yeye hakulia. Alikaa akisikiliza tumbo lake, kama Mzee Kabiru alivyosikiliza pipa. Mwisho akafungua macho, akanirudishia kikombe kikiwa kitupu, akageuza uso kutazama barabara ya kanisani, kuhakikisha kwamba hakuna anayekuja.

"Wairimu," akasema. "Onja tena."